Kupima reli za lethi na webkamu ya mia tano

Lethi yangu ya mtumba (mashine ya kuchonga vyuma vya mviringo) hapa Kariobangi ilikuwa inatoa shafti nene upande mmoja, nikashuku reli zimelika karibu na chaki (ile sehemu inashika chuma na kukizungusha), lakini vifaa vya kupima hiyo kitu bei yake ni kodi ya miezi. So nikachukua webkamu ya mia tano kutoka Luthuli na leza ile ndogo ya kuning'iniza kwa funguo.

Kwanza fungua webkamu, zungusha lenzi utoe kabisa. Kinachobaki ni sensa, kadogo kama ukucha wa mtoto, usiiguse na kidole. Nyingi za 720p pikseli moja ni kama maikroni 3, na unywele ni kama 70, kwa hivyo tayari uko na rula kali kushinda kalipa yako.

Funga leza mwisho wa lethi na klampu. Klampu, si selotepu! Mimi nilipoteza Jumamosi nzima nikiona nukta inashuka polepole nikidhani ni reli, kumbe ni gundi inalegea na joto la mabati. Iwashe nusu saa kabla ya kupima, ikiwa baridi miale inatembea. Na usiiangalie na jicho, hata ile inayorudi kutoka kwa sensa.

Webkamu ikae juu ya kareji (kile kibebeo kinateleza juu ya reli), sensa ikiangalia leza, waya wa USB ulegee usiivute. Mahali reli imebonyea webkamu inashuka, na nukta ya leza inasonga kwa picha. Zima ekspoja ya otomatiki (kamera kujipimia mwanga yenyewe), halafu punguza mwanga, mimi niliweka kioo cheusi cha welding mbele ya leza, mpaka katikati ya nukta pasiwe peupe pe. Ikiwa peupe hivyo inakudanganya.

Sasa Python (lugha ya kuandika programu) na OpenCV (maktaba yake ya kusoma picha), zote bure. Usitafute pikseli inayong'aa kushinda zingine, tafuta kitovu: kila pikseli zidisha nafasi yake na mwanga wake, jumlisha, gawa kwa jumla ya mwanga, ukishatoa ule wa chumba. Chukua picha 100 upate wastani, hapo unasoma hata chini ya pikseli moja. Jirani akiwasha grainda ngoja amalize.

Kuhakikisha, ingiza fila geji (kipande chembamba cha chuma chenye unene uliopimwa) ya 0.10 mm chini ya webkamu. Nukta ikisonga pikseli 33 hivi uko sawa.

Halafu sogeza kareji kila 50 mm ukiandika nukta iko wapi, weka kwa grafu, chora laini iliyonyooka kutoka kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, uone wapi reli imebonyea chini ya hiyo laini. Yangu ilikuwa 0.04 mm, palepale karibu na chaki.