Jinsi ya kutengeneza mafuta ya manukato ya manemane, ubani na mizizi ya vetiva

Manukato ninayoyaeleza hapa ni ya mafuta, hayatiwi spiriti, na harufu yake ni ya udongo uliopata mvua ya kwanza ikichanganyika na utomvu mkavu wa miti ya nyika. Hayajazi chumba kama udi. Hukaa karibu na ngozi, na anayekusogelea ndiye huyasikia. Kuyachanganya ni kazi nyepesi kuliko kununua malighafi yake, kwa hiyo nitaanza sokoni.

Manemane na ubani hutoka katika nchi kame za kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia. Katika kaunti kama Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir, jamii za wafugaji, hasa wanawake, huokota utomvu uliojitokea wenyewe kwenye gome bila mti kuchanjwa, na huo ndio wa kuutafuta. Kwingineko miti ya ubani huchanjwa kwa kisu, jambo lisilo na ubaya likifanywa kwa kiasi. Lakini mti unaochanjwa kupita kiasi bila kupumzishwa hutoa mbegu chache na dhaifu, hata miti mikubwa ikafa pasipo miche ya kuirithi. Muulize muuzaji utomvu umetoka kaunti gani, umeokotwa au umechanjwa, na mwokotaji alilipwaje. Asiyeweza kutaja hata kaunti mimi humwacha, hata kama bei yake ni nafuu. Ujue pia kwamba wafanyabiashara wa kaskazini hutofautisha malmal, ambayo ndiyo manemane halisi, na hagar, utomvu wa mti wa jamii hiyohiyo wenye harufu tamu zaidi. Vyote viwili vinafaa, mradi usilipie hagar kwa bei ya malmal.

Huenda ukashangaa kwamba sikutia msandali. Msandali wa Afrika Mashariki huvunwa kwa kung'olewa na mizizi yake, kwa kuwa humo mna mafuta mengi, na mti uliong'olewa hauchipui tena. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Mizizi ya vetiva, nyasi ndefu zenye mizizi inayonukia, inatosha kuleta harufu ya udongo, ila isitoke kwenye kingo na matuta ambako nyasi hizo zilipandwa kuzuia mmomonyoko. Nunua kwa mkulima aliyezipanda kwa ajili ya kuvuna.

Andaa gramu 20 za manemane, gramu 10 za ubani, gramu 15 za mizizi mikavu ya vetiva iliyokatwakatwa, na mililita 150 za mafuta ya jojoba. Mafuta ya ufuta yasiyokaangwa yanafaa pia, ingawa huchacha mapema zaidi, na ya nazi huganda kwenye baridi ya Limuru au Njombe. Laza utomvu ndani ya friza usiku mmoja, kwani manemane yenye joto hunata kwenye mchi, kisha uutwange hadi uwe chenga kama za chumvi ya mawe. Usiufanye unga, maana unga hupenya kitambaa cha kuchujia na kuyachafua mafuta.

Tia vyote katika chupa kavu ya mdomo mpana. Tandika kitambaa ndani ya sufuria yenye maji, kwenye kitako chake, simamisha chupa juu yake, na upashe moto mdogo kwa saa tatu, maji yakitoa mvuke bila kuchemka. Jihadhari sana na maji yasiingie ndani ya chupa: sehemu ya utomvu huu ni gundi inayoyeyuka majini wala si katika mafuta, na maji yakiingia huweza kuugeuza kuwa uji unaoota ukungu. Baada ya hapo weka chupa kabatini wiki tatu, ukiitikisa kila siku, kisha chuja kwa melimeli iliyokunjwa mara mbili. Acha mafuta yatuame usiku kucha na umimine yaliyo juu tu.

Mafuta hayo peke yake ni mapole mno kwa pua nyingi. Kwa kila mililita 30 ongeza matone 10 ya mafuta ya vetiva yaliyokenekwa, yaani yaliyotolewa kwa mvuke, matone 8 ya mafuta ya pachuli, mmea wa majani yanayonukia, na matone 2 ya mafuta ya karafuu. Mimi hupenda ya makonyo, yanayokenekwa Pemba kutokana na vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Yasizidi matone matatu, ambayo ni karibu nusu ya asilimia moja, kwa sababu karafuu huwasha ngozi. Yaache wiki mbili zaidi katika chupa ya rangi nyeusi, halafu jaribu tone moja ndani ya kiwiko na usubiri saa 24 kabla ya kuyapaka kwingine. Mjamzito hashauriwi kutumia manemane.

Masimbi ya utomvu yaliyobaki kwenye kitambaa usiyatupe. Yakamue, yaanike kivulini juu ya karatasi inayonyonya mafuta, kisha uyafukize kidogokidogo kwenye chetezo. Moshi wake ni mzito kidogo, basi fungua dirisha.