Kurudi Ngamani: Mwongozo kwa Askari Anayeanza Ujuzi Upya Baada ya Kuhama Kamandi

Sajenti aliyetumikia nchi kavu kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akapata uhamisho kwenda kwa wanamaji, anaweza kuvuka Magogoni, Dar es Salaam, kwa kivuko akiwa na tepe zake tatu mkononi na bado asijue kufunga kamba ya boti gatini. Hali hiyo ndiyo iliyonikuta mimi, na mwongozo huu nimemwandikia askari ambaye barua yake ya kuhama imekwisha kusainiwa, au ambaye bado anaitafakari. Wazee wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wengi hulitumia neno hilo kwa mafumbo. Kwa mwanamaji mpya halina fumbo lolote, kwa sababu ngama ni pale chini kabisa ya chombo yanapokusanyika maji machafu, na kazi ya kwanza niliyopewa, tepe zangu zikiwa palepale, ilikuwa kuyatoa.

Anza kwa kutenganisha kichwani mwako cheo na daraja la ujuzi. Cheo ni mamlaka uliyokabidhiwa juu ya watu, ilhali daraja la ujuzi ni uthibitisho kwamba mikono yako inaiweza kazi fulani bila kusimamiwa. Ukikaa katika fani moja kwa muda mrefu, viwili hivyo hupanda pamoja hata ukadhani ni kitu kimoja. Wamarekani wana mfano unaolionyesha jambo hili vizuri. Katika jeshi lao la nchi kavu, tarakimu ya ujuzi iliyomo kwenye namba ya fani huenda sambamba na cheo, kiasi kwamba askari wa miguu anayeandikwa 11B10 huwa 11B20 na baadaye 11B30 kadiri anavyopandishwa. Jeshi lao la anga lina ngazi za 1, 3, 5, 7 na 9, ambazo mtu huzipata kwa kozi na kwa kazi iliyosimamiwa na kuthibitishwa, wala cheo peke yake hakimpandishi. Sajenti akitoka la kwanza kwenda la pili na kushika fani ngeni, anaweza kubaki sajenti huku karatasi zake zikimtambua kuwa mwanagenzi wa ngazi ya 3.

Sisi hali yetu ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina mtego wake. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), tangu lilipoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, ni jeshi moja, na nchi kavu, anga na wanamaji ni vyumba vya nyumba hiyohiyo. Mmarekani anayetaka kuhama kabla mkataba wake haujaisha hutafuta kwanza idhini ya kuachiliwa na jeshi lake, na akienda kwa wale wanajeshi wao wa Marine hupitia mafunzo ya awali yote hata kama alikuwa ametumikia kwingine, kwa hiyo hakuna anayemdanganya kwamba anaendelea alipoishia. Kwetu mtu hubadili kituo, huonana na afande mwingine, na kwa kuwa bendera ni ileile na kwata ni ileile, hudhani amehama chumba tu na godoro lake. Ninakushauri ulichukulie jambo hili kama kuanza shule mpya tangu siku unayoandika barua.

Kuhusu barua yenyewe sina mengi: ipitie kwa mkuu wako wa kikosi, utunze nakala, na usimrukie mtu yeyote katika mlolongo. Lenye uzito zaidi ni jalada lako la mafunzo. Kabla ya kuondoka, omba nakala ya kila cheti cha kozi, kila matokeo ya majaribio ya ufundi na kila barua ya kuthibitishwa kazini, kisha uzihakiki majina na tarehe ukiwa bado hapo karani anapokufahamu kwa sura. Mimi niliondoka kwa kuamini kwamba jalada litanifuata, nalo likabaki kabatini katika ofisi niliyotoka kwa miezi mitano. Kwa muda huo wote nilirudia hata mafunzo ya huduma ya kwanza ambayo nilikuwa nimeyafundisha mwenyewe. Uliza pia kabla ya kuhama ni kozi zipi za zamani zitakazotambuliwa huko uendako, na uombe jibu kwa maandishi. Uliza vilevile madaraja ya huko yanahesabiwa kutoka upande gani, maana si kila mahali namba kubwa ndiyo heshima kubwa: Afisa Mteule Daraja la Pili yuko chini ya Afisa Mteule Daraja la Kwanza, wakati ngazi ya 3 ya Mmarekani iko mbali sana chini ya 7.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, ambayo haihusu vitabu. Siku ya tatu nilikabidhiwa kwa koplo mmoja ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Tulikuwa gatini, kamba imelowa, naye akaniomba nifunge kitanzi kisichokaza, yaani kile ambacho ukikitupia kwenye nguzo hubeba mvuto wote wa boti lakini jicho lake halipungui. Nilifunga kwa ujasiri ule niliokuwa nikifungia turubai la lori. Akavuta mara moja, jicho likajifinya likaing'ang'ania nguzo kama mtego wa panya.

“Samahani, afande. Fungua, uanze upya.”

Nikafungua, nikafunga, akavuta.

“Upya, afande.”

Mara ya sita nilitaka kumkumbusha kwamba nilikuwa ninafundisha kuruta kabla yeye hajamaliza shule ya msingi, na ninamshukuru Mungu kwamba nilinyamaza. Mara ya tisa alinishika kidole gumba akakiweka mahali pake, akanionyesha jinsi ncha inavyopanda ndani ya kitanzi kidogo kutokea chini, ikazunguka nyuma ya kamba kuu, kisha ikarudi kule ilikotokea. Jicho likasimama. Nilirudia mara arobaini hivi jioni ile nikiwa nimeketi kitandani na kipande cha kamba ya kuanikia nguo.

Funzo la kazi katika kisa hicho si unyenyekevu, ingawa nao unahitajika. Hatari kubwa kwa askari mwenye cheo anayeanza upya ni kwamba mwalimu wake mdogo atamwogopa, na kwa kumwogopa atamsainia kuwa anajua asichokijua. Koplo yule angeweza kusema “safi, afande” mara ya pili na kwenda kunywa chai, na hakuna ambaye angemlaumu mpaka siku boti ingeteleza gatini usiku wa upepo wa kusi. Kwa hiyo mfuate mwalimu wako faraghani kabla ya somo la kwanza, umwambie waziwazi kwamba wakati wa mafunzo neno lake ndilo la mwisho, na kwamba hutaki saini yoyote ambayo hukuistahili. Mbele ya askari wengine aendelee kukuita afande, nawe umwite kwa cheo chake, koplo, wala usimwite kijana. Ukishapanga hivyo, usimgeuke siku atakapokukatalia, kwa maana akiona umekasirika mara moja tu, saini zitakazofuata zitakuwa za woga.

Weka daftari la kazi lililo lako binafsi, mbali na kumbukumbu za kikosi. Mimi niligawa kila ukurasa sehemu tatu: kazi niliyoonyeshwa, kazi niliyoifanya nikiangaliwa, na kazi niliyoifanya peke yangu mwalimu akiwa mbali, kila moja na tarehe yake. Sehemu ya tatu ndiyo ya kuaminika, nayo kwa miezi minne ya mwanzo ilikuwa karibu tupu. Mambo ya ndani ya kikosi, namba za vyombo na ratiba za doria hayaingii katika daftari hilo hata kidogo, na hili sidhani linahitaji maelezo kwa askari.

Faida ya kujifunzia ubaharia Dar es Salaam ni kwamba mji wenyewe ni darasa. Sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, zile za mwaka 1972, nilizikariri kitabuni bila kuzielewa mpaka nilipoanza kukaa jioni karibu na soko la samaki la Feri kutazama meli zinazoingia bandarini. Meli ina taa nyekundu ubavu wake wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, na iliyo na urefu wa mita 50 au zaidi hubeba taa mbili nyeupe juu, ya mbele ikiwa chini na ya nyuma ikiwa juu zaidi. Ukiona nyekundu peke yake, meli inaelekea kushoto kwako, na ukiona kijani, inaelekea kulia. Ukiona zote mbili kwa pamoja, na zile nyeupe zimepangana moja juu ya nyingine, inakuja moja kwa moja ulipo. Jioni chache za namna hiyo zilinifaa kuliko wiki mbili za kukariri. Maji nayo waulize wavuvi: watakueleza kwa nini bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa nini wakati wa maji mafu hawana haraka. Mwanamaji asiyejua kupwa na kujaa atafunga boti kwa kamba fupi, kisha ataikuta inaning'inia.

Ujuzi wa zamani utakusaidia mahali fulani na kukuponza pengine, na mahali pa kukuponza ni palepale unapojiamini. Nilikuwa msomaji mzuri wa ramani. Kwenye ramani ya nchi kavu yenye miraba tulizoea kusoma kwanza namba za kuelekea mashariki, ndipo zile za kuelekea kaskazini. Kwenye ramani ya bahari latitudo hutangulia na longitudo hufuata, kwa hiyo mpangilio umegeuka, na mara yangu ya kwanza kutaja mahali tulipo niliupindua nikatuweka mahali ambapo bahari haipo. Umbali nao hupimwa kwa maili ya bahari, yaani mita 1,852, ambayo ni sawa na dakika moja ya latitudo (sehemu ya sitini ya digrii), hivyo hupimwa pembeni mwa ramani, kamwe si juu wala chini. Dira, huduma ya kwanza, utunzaji wa silaha na uvumilivu wa lindo la usiku vilinifuata bila matatizo. Kuogelea hakukunifuata kwa kuwa sikukuwa nako, na kama wewe pia huna, anza leo kabla uhamisho haujafika.

Nyumbani, mweleze mwenzako mapema kwamba utakuwa mwanafunzi kwa mwaka mzima au zaidi na kwamba posho za fani uliyokuwa nayo huenda zisikufuate. Ulizia hilo kwa mhasibu, usisubiri siku ya mshahara.

Ukiwa na muda, tafuta pia cheti cha kiraia kinacholingana na fani mpya. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kiko mjini, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Vyeti vya mabaharia wa meli za biashara hutolewa kwa kufuata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, na viwango vyake ni kipimo kizuri cha kujua umefika wapi, hata kama huna nia ya kuondoka jeshini.

Majaribio ya daraja usiyaombe kwa sababu tu askari wa umri wako wanalo daraja hilo. Fungua daftari, uhesabu kazi zilizo katika sehemu ya tatu, kisha umpe mwalimu wako alisome akiwa peke yake na umwombe aweke alama kwenye kazi ambayo asingekuachia usiku. Koplo wangu aliweka alama mbili, moja kwenye kuingiza boti gatini maji yakiwa yanapwa na nyingine kwenye pampu ya ngama. Nilirudi kwenye pampu kwa wiki tatu, ndipo nikaandika barua ya kuomba majaribio.