Mtoto akizirai mbioni: kutoka ECG hadi kipimo cha jeni

Mtoto akianguka akikimbia au akiogelea, au msichana akizirai kwa kushtuliwa na mlio wa simu alfajiri, wengi hukimbilia kusema ni kifafa. Kabla dawa za kifafa hazijaanza, omba ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Huenda ni ugonjwa wa QT ndefu, ambao moyo huchelewa kujiandaa upya kwa umeme baada ya kila pigo, na huo huua.

Anzeni nyumbani kwa kuchora ukoo, vizazi vitatu. Tia alama kwa aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40, aliyezama ilhali anajua kuogelea, na mwenye kifafa kisichosikia dawa. Andika kila mmoja alikuwa akifanya nini, maana hapo ndipo jeni yenye kasoro hujisema: iitwayo KCNQ1 huchokozwa na mbio na maji, KCNH2 na sauti ya ghafla, SCN5A mara nyingi usingizini. Mchoro huo upelekeni kliniki ya moyo, iwe Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au kwingineko.

Karatasi ya ECG kwa kawaida hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kisanduku kidogo ni milisekunde 40. QT hupimwa toka mwanzo wa wimbi la Q hadi mwisho wa wimbi la T, kwenye lidi (mstari wa mchoro) ya II au V5. Ikiwa visanduku 11, ni milisekunde 440. RR, yaani toka pigo moja hadi linalofuata, ikiwa visanduku 20, ni sekunde 0.8, kipeuo chake cha pili ni 0.894. Gawanya 440 kwa hicho, upate QTc, yaani QT iliyorekebishwa kwa kasi ya moyo, ya 492. Ikifika 480 tena na tena, hiyo ni ndefu. Mashine hukosea T ikiwa bapa, basi mwombe daktari apime kwa mkono. Na ECG moja safi haimwondoi mtu hatarini.

Kipimo cha jeni aanze aliyeugua. Badiliko la jeni likithibitishwa kuwa la ugonjwa, kila mtoto wake ana nafasi nusu ya kulirithi, na ndugu wapimwe hilo hilo tu. Likiitwa "lisilojulikana maana", msipime ndugu kwa hilo wala msimpe mtu dawa kwa sababu yake. Sisi Waafrika hupata majibu hayo mara nyingi kwa kuwa hazina za taarifa za jeni zimejaa damu ya Wazungu. Uliza upya baada ya miaka miwili mitatu.

Kwenye duka la dawa, taja ugonjwa kwanza: erithromaisini, fluconazole na haloperidol hurefusha QT. Kuhara pia, kwa kupunguza potasiamu. Propranolol, dawa ya kulinda moyo katika ugonjwa huu, haikatizwi ghafla. Nunua nyingine vidonge vya wiki moja vikiwa bado vimebaki.