Kabla ya Kuipa Raspberry Pi Kazi ya Kurekodi Kamera za Nyumbani

Kurekodi si kazi nzito. Kuangalia ndiko kuzito. Kamera ya kisasa huibana picha kwa H.264 au H.265, mbinu za kupunguza ukubwa wa video, kabla ya kuituma, kwa hiyo Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoipokea na kuihifadhi kama ilivyo haitoki jasho hata kwa kamera nne. Balaa huanza unapoitaka ifungue kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ili ijue kama aliyepita getini ni mtu au ni paka. Amua hilo mapema, maana ndilo litakalosema ununue nini.

Ukitaka utambuzi wa watu, programu kama Frigate hutumia mikondo miwili ya video kutoka kila kamera: mkuu wa kurekodi, usiofunguliwa, na mdogo wa kuchambuliwa, tuseme wa 640 kwa 480, fremu 5 kwa sekunde. Ukiipa mkondo mkuu ndio iuchambue, bodi itachemka na fremu zitaanza kurukwa. Hata mkondo mdogo unahitaji kichakataji cha pembeni, Coral ya USB au Hailo kwa Pi 5. Kuitwika CPU, kichakataji kikuu cha bodi, peke yake kazi hiyo ni kuitesa. Jambo linalowapiga chenga wengi: Pi 5 ina sehemu maalumu ya kufungua H.265 lakini ile ya H.264 iliondolewa, ilhali Pi 4 inazo zote mbili.

Ukifika Luthuli Avenue, Nairobi, kununua kamera, uliza RTSP, njia ya wazi ya kutoa video kwa programu yoyote kupitia mtandao. Ukijibiwa kwamba "inafanya kazi na app", hilo si jibu. Kamera nyingi za bei nafuu, hasa za betri, zimefungwa kwenye seva za mtengenezaji na hazitaongea na programu yako. Beba laptopu yenye VLC, programu ya kutazama video, ufungue mkondo hapohapo kaunta. Waya wa mtandao nao ukwangue ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, na kamera inayolishwa umeme kwa PoE, yaani umeme na data kwenye waya mmoja, kupitia waya mrefu wa aina hiyo itazimika usiku taa zake za infraredi zikiwaka. Usivuke mita 100.

Hesabu ya diski ni nyepesi. Megabiti 1 kwa sekunde, mchana na usiku, ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera nne za megabiti 2 kila moja zinakula gigabaiti 86.4, na diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 hivi. Weka diski ya SSD kwenye USB 3. Kadi ya memori ibaki na mfumo tu, kwani kuandikwa mfululizo kutaiua.

Kuna mtego hapa. Stima ikirudi na diski isipounganishwa na folda ya rekodi, programu itaandika kwenye folda ileile, ambayo sasa iko kwenye kadi, na kadi itajaa haraka hadi mfumo ukwame. Dawa yake ni kuifunga folda isiandikwe, ikiwa tupu, kabla diski haijaunganishwa nayo: `sudo chattr +i /mnt/rekodi`. Kisha kwenye fstab, faili la kuorodhesha diski za kuunganishwa bodi inapowaka, itaje diski kwa UUID, namba yake ya kipekee, na uongeze `nofail`, ili bodi iwake hata diski ikikosekana.

Chaja ya simu haitoshi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5, na ikipata pungufu ya hapo inabana umeme wa USB, jambo linaloweza kuifanya SSD ipotee katikati ya kazi. Amri ya `vcgencmd get_throttled`, inayokagua hali ya umeme, ijibu 0x0. Ikijibu 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani tangu bodi iwashwe.

UPS, betri ya akiba, ibebe pia ruta na swichi ya PoE. Vyote hivyo na kamera nne ni kama wati 40, na betri ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Tarajia saa moja, si mbili.

Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiwaka intaneti ikiwa bado imelala, tukio la saa nane usiku linaweza kuandikwa saa tano. Nunua moduli ya saa ya DS3231, au betri ya saa kama una Pi 5, weka majira ya Africa/Nairobi, na kamera zote zichukue saa kutoka kwa Pi.

Usifungue mlango (port) wowote kwenye ruta ili utazame ukiwa kazini. Tumia njia fiche ya VPN kama WireGuard au Tailscale, na uzinyime kamera njia ya kutoka nje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huisamehe shughuli iliyo ya kibinafsi au ya nyumbani tupu, kwa hivyo mwenye ploti anayerekodi korido ya wapangaji asijihesabu humo. Bodi yenyewe ifiche mbali na televisheni, kwa sababu mwizi hubeba kila kilicho karibu nayo, lakini si darini chini ya mabati: ikifika nyuzi 80 inajipunguzia kasi.

Kabla fundi hajapanda ngazi, tandaza kila kitu mezani, acha mfumo urekodi, kisha chomoa plagi ghafla. Irudishe huku ruta ikiwa imezimwa. Saa ikiwa sahihi, amri ya `df -h` ikionyesha SSD mahali pake na rekodi mpya zikiingia bila wewe kugusa kitu, mwite.