Samadi ya ng'ombe mmoja, kihamba kizima

Bibi yangu hapa Marangu, mlimani Kilimanjaro, hakuwahi kutengeneza mboji. Alikuwa na ng'ombe wanne zizini, anachota samadi kwa karai anamwaga kwenye migomba, kazi imeisha. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, tumegawana ndugu watatu. Mimi nina ng'ombe mmoja, na malisho yake yanapanda kwa pikapu kutoka tambarare. Mbolea ya chumvichumvi niliitumia miaka kadhaa, bei ikanishinda. Ndipo nikajifunza kuirefusha samadi kwa kuichanganya na majani iwe mboji.

Tafuta kivuli, ila si chini ya mparachichi. Lundo langu la kwanza liliingiwa na mizizi yake ikala kila kitu. Tandaza vijiti chini hewa ipite, upana kama hatua moja na nusu. Juu yake weka majani makavu na mabua shubiri moja, majani mabichi nusu ya hapo (alizeti mwitu ya kando ya mfongo, mfereji wa maji, huoza upesi), samadi vidole vinne, majivu ya jikoni konzi moja, udongo wa juu kidogo. Nyunyiza maji. Rudia mpaka lundo lifike kiunoni.

Majani ya migomba ndiyo yanayowaangusha wengi. Ukiyaweka mazima yanalaliana kama makuti ya paa, maji yanateleza pembeni, na mwezi ukiisha ndani ni kukavu vilevile. Yakatekate kwa panga, vipande vya kiganja. Inachosha. Mimi nawapa watoto Jumamosi, wakinuna nawapikia mtori.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Siku ya tano ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na ina unyevu, tulia. Ikiwa kavu yenye ukungu mweupe, mwagia maji. Ikinuka kama choo, maji yamezidi: pindua na uongeze makavu. Vyovyote iwavyo, geuza kila wiki tatu, ya nje yaingie ndani.

Mabua ya kununua, muulize mwenyewe kama alipiga dawa ya magugu. Mwaka mmoja sikuuliza. Nyanya zangu zilijikunja majani zote.

Huku juu kwenye baridi huchukua miezi mitatu au zaidi. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo ulionyeshewa, na hutambui tena jani lilikuwa la nini. Mgomba wa mchare, ndizi ya kupika, naupa karai moja, mibuni nusu, pembeni kidogo ya shina, kisha nafunika kwa majani makavu mvua isiioshe.