Kabla hujapanda milima ya Gombe: mambo ya kuzingatia

Udogo wa Gombe unawadanganya watu. Hifadhi hii ya sokwe iko kilomita 16 tu hivi kaskazini ya Kigoma mjini, na ukiitazama kwenye ramani ni ukanda mwembamba kando ya ziwa. Mtu anasema, "Tunapanda asubuhi, mchana tumeshuka." Lakini ufukwe wa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukuta wa bonde la ufa ulio nyuma yake unafika karibu mita 1,500, yote hayo ndani ya kilomita chache. Sehemu kubwa ya njia haizunguki, inapanda moja kwa moja. Jiandae kwa hilo.

Usafiri. Barabara hakuna, ni boti. Boti la abiria linaloondokea Kibirizi, kando ya Kigoma mjini, halikufai kama unataka kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu linaondoka mchana. Changeni mkodi boti, muondoke alfajiri, na kila mtu avae jaketi okozi. Kulivaa, si kulikalia.

Viatu: vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Masika njia ni utelezi wa udongo; kiangazi ni changarawe na nyasi kavu, na hizo zinaangusha watu zaidi wakati wa kushuka. Kata kucha za miguu jana yake.

Mwongoza njia ni lazima, usibishane. Una mafua au kikohozi? Baki nyumbani. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza viungo. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa, maana nyani wa pale ufukweni hawaombi.

Sasa maji. Hapa nisikilize vizuri.

Septemba moja tulipanda na kijana mwenye mwili wa mazoezi, mcheza mpira. Alibeba chupa ya nusu lita. Tulipovuka kijito cha Kakombe, mwongoza njia alimwambia, "Mdogo wangu, jaza hapa, vidonge vya kutibu maji ninavyo. Huko juu hakuna mto." Akajibu, "Yatatosha, kaka." Tukapanda. Tulipotoka kwenye msitu wa bondeni na kuingia kwenye nyasi za mgongoni mwa mlima, kivuli kikaisha, jua likawa la utosi. Chupa yake ilikuwa imekwisha zamani, naye hakusema. Kwanza misuli ya vigimbi ilimkaza, akawa anasimama kila hatua chache akijifanya anapiga picha. Kisha akatapika. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto, na nilipomuuliza tumetoka wapi asubuhi alinijibu mambo yasiyoeleweka. Chini yetu Tanganyika lilikuwa limetanda lote, ziwa la pili kwa kina duniani, na sisi tunahesabu vifuniko vya maji.

Tulimlaza chini ya kijiti, tukamfungua vifungo, tukalowesha fulana yake kwa maji tuliyobakiza na kumpepea kwa kofia. Hatukumpa maji mpaka alipojibu sawasawa, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Baada ya hapo ilikuwa funda kwa funda. Kumteremsha kulichukua muda mrefu kuliko kupanda, watu wawili wakimshika kwapani, na sote tulifika ufukweni midomo imepasuka kwa sababu maji yetu yalikuwa yamekwenda kwake, kama ilivyopasa.

Kwa hiyo: lita tatu kwa kila mtu mzima, na usikubali kupanda na asiyekuwa nazo. Lita moja kati ya hizo iwe na sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Kunywa kabla kiu haijakushika. Mwenzako akianza kunyamaza, akiumwa kichwa au kichefuchefu, safari ya kupanda imeishia hapo. Usimwambie ajikaze.

Kofia pana, shati la mikono mirefu, tochi hata kama mnarudi mchana. Simu ijae chaji, ila usiitegemee mabondeni. Mwachie mtu wa nyumbani saa mnayotarajia kurudi na jina la nahodha. Mpangie nahodha muda wa kuondoka mapema, maana kiangazi upepo wa kusi ukichacha mnarudi mkiupiga uso kwa uso. Mawingu meusi yakijikusanya juu ya ziwa na yeye akasema tusubiri, subirini, hata kama kuna mwenye kikao mjini jioni hiyo.