Anza kila programu ya CNC kwa G21 G90 G54
Kwa wanaojifunza kuandika programu za mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) katika vyuo vya ufundi na karakana za Kisumu, napendekeza kwa dhati kwamba mstari wa kwanza uwe G21 (vipimo kwa milimita) G90 (kila kipimo kihesabiwe kuanzia sifuri) G54 (sifuri ya kazi iliyowekwa kwenye mashine), hata kama mashine inaonekana imekwisha kuwekwa hivyo. Amri hizi hubaki zikifanya kazi hadi zibadilishwe. Kwa hiyo, ikiwa aliyekutangulia aliacha G91, ambayo hupima kila mwendo kuanzia mahali kifaa kilipo, X50 yako (hamsini kwenye mhimili wa X) itakipeleka kifaa pasipokusudiwa, na ikiwa aliacha G20, hamsini hiyo itasomwa kuwa inchi, yaani milimita 1,270. G00, yaani mwendo wa kasi kabisa, itumike hewani pekee, kwa kuwa kushuka ndani ya chuma ni kazi ya G01, yaani mwendo wa kukata, yenye kasi (F) iliyoandikwa waziwazi. Kisha inua sifuri ya Z (mhimili wa juu na chini) kupita kina cha mkato unaoshuka chini kuliko yote, uendeshe programu nzima juu ya chuma bila kukigusa, mkono ukiwa karibu na kitufe cha dharura, na ndipo uirudishe sifuri mahali pake na kuanza kukata.